Vioo vya ghorofani: ngazi na ndoo, au maji yasiyo na chumvi?

Ghorofa za vioo zinazidi kuota Nyali, na kila inayoota humtaka kijana wa kupanda kuviosha. Mombasa kioo hakichukui siku nyingi kufifia. Upepo wa bahari huleta chumvi, vumbi likaganda juu yake, na mpangaji anayelipia mandhari ya bahari akawa haioni.

Njia tuliyoizoea ni ndoo, sabuni na kile kipini chenye ulimi wa mpira. Ni ufundi kamili, na vifaa vyake ni rahisi. Kwa kioo cha ndani, au kilichorushiwa rangi na saruji, sijaona cha kuishinda. Taabu yake ni moja: lazima mtu akifikie kioo, kwa ngazi au kwa kamba.

Njia ya pili, ambayo Uingereza imeshazoeleka, humwacha mfanyakazi chini. Hushika ufito unaorefushwa kama eriali ya redio, wenye brashi na mpira wa maji hadi juu. Hakuna sabuni wala kupangusa. Maji yenyewe yamechujwa hadi kipimo cha chumvi na madini kikasoma sifuri au karibu yake, kwa hivyo yakikauka hayaachi doa.

Hapo ndipo kisima chetu kinapotuumbua. Chukua maji yenye gramu moja ya chumvi na madini kwa lita, jambo lisilo geni kwa visima vilivyo karibu na bahari. Mtungi wa lita 20 una gramu 20. Ukisuuzia kioo kisha ukakiachia jua, umeosha chumvi kwa chumvi.

Kuyasafisha ni kuyasukuma kwa nguvu yapite kwenye utando, kama yanavyofanya maduka ya maji ya kunywa mitaani, kisha kwenye chembechembe za kunasa madini yaliyobaki. Maji yakiwa ya chumvi sana, chembechembe hizo huchoka upesi, na kuzinunua tena si bure. Utando nao hutupa maji mengi. Mtambo mdogo waweza kumwaga lita moja au zaidi kwa kila lita unayopata. Katika mji ambao watu wananunua maji ya mkokoteni, hilo si dogo. Angalau yanayotupwa yakingwe, yaoshee vyoo na sakafu za maegesho.

Hata hivyo, kwa vioo vya nje hadi ghorofa ya nne au ya tano, mimi nachagua ufito. Juu zaidi ya hapo kamba bado zina kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na ile ya fidia ya mwaka huohuo inamtaka awe na bima. Kibarua aliyeokotwa barazani asubuhi, akapewa ngazi ya kuazima, bima yake iko wapi?

Wenye majumba nao wasiwatupie makandarasi lawama zote. Anayetoa kazi ya mwezi mmoja mmoja, kwa bei ya chini kabisa, asitarajie mtu anunue mtambo. Ampe mkataba wa mwaka, aandike humo kwamba vioo vya chini ya ghorofa ya tano visafishwe mtu akiwa ardhini.

Sisi wa madirisha ya luva tuendelee na tambara. Kwangu ukirusha maji kutoka chini, kitanda kitalowa.