MANENO MATAMU YA DUKANI



Nyongeza ya mshahara huja kwa taabu. Chama hukaa mezani na waajiri miezi mingi ili kuipata. Basi si haki shilingi hizo zituponyoke dukani kwa ajili ya maneno yaliyopigwa chapa juu ya chupa na pakiti.

Maneno haya mara nyingi si uwongo, na hapo ndipo penye hila. Tutazame chupa ya mafuta ya kupikia. Imeandikwa: "Haina kolesteroli." Ni kweli. Lakini kolesteroli hutoka kwa wanyama: nyama, mayai, samli. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya mahindi au ya mawese, hayana kolesteroli ya kuhesabika, hata yale ya bei rahisi kabisa. Tena neno hilo lanyamaza juu ya jambo kubwa zaidi: karibu nusu ya mafuta ya mawese ni aina ile inayoganda, ambayo ikizidi mwilini huongeza kolesteroli katika damu.

Mengine yaandikwa: "Yameongezwa vitamini A." Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewalazimisha wenye viwanda kufanya hivyo katika mafuta ya kupikia na unga wa pakiti. Je, mwajiri anayelipa mshahara wa chini uliowekwa na sheria ametupa zawadi?

Na sabuni ya "kuua viini" je? Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikataza dawa 19 kutiwa katika sabuni za kunawia, triclosan ikiwa mojawapo, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zashinda sabuni ya kawaida na maji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazomfaa. Lakini haki isiyodaiwa hulala usingizi. Kwa hiyo twawaomba wanachama, waume kwa wake: kabla ya kulipa zaidi, geuzeni pakiti msome nyuma, kisha muulize, "Ile ya bei rahisi haina sifa hii?" Ikiwa inayo, chukueni hiyo, na shilingi inayobaki iende kwa watoto.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.