Unatamani wazungu wangebaki? Hebu vaa kipande kwanza

Juzi nilikuwa steji hapa Kimilili, nimeketi na wasee wa boda. Mafuta yamepanda, abiria hakuna. Jamaa mmoja akasema ile sentensi ambayo hata wewe umeisikia, pengine umeisema: "Heri wazungu wangebaki tu. Saa hii tungekuwa mbali."

Tulicheka wote. Lakini niliporudi keja nikaanza kuipigia hesabu.

Haya, tuseme ombi lako limekubaliwa. Desemba 12, 1963 haikufika. Bendera ya Uingereza bado inapepea Kitale. Je, wewe uko wapi?

Kwanza, huna shamba Trans Nzoia. Sheria ya ardhi ya 1915 iliruhusu masetla wapewe ardhi kwa mkataba wa miaka 999. Toa simu upige hesabu: mkataba uliotiwa sahihi mwaka huo ungeisha 2914. Ukivuka Kamukuywa kuelekea Kiminini unaingia eneo lililotengewa wazungu, na huko hungeweza kununua hata ploti ya hamsini kwa mia.

Pili, shingoni mwako kunaning'inia kipande. Hicho ni kitambulisho ndani ya kijisanduku cha chuma, chenye alama za vidole na maelezo ya kazi zako. Bosi asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine. Ukitoroka, polisi wanakusaka. Wewe unayelia kwamba umetuma CV na hujajibiwa, hebu fikiria CV ambayo polisi anaisoma barabarani.

Kukhu wangu alizaliwa kwenye shamba la setla karibu na Kitale. Babake alikuwa skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo akubaliwe kuishi hapo na kulima kasehemu kake. Kukhu haongei sana kuhusu enzi hizo. Anachokumbuka ni siku ng'ombe wa babake walihesabiwa, na mzee akaambiwa wamezidi.

Utaniambia mambo yangebadilika polepole. Kuna mahali walijaribu. Novemba 11, 1965, Ian Smith na wenzake Rhodesia walijitangazia uhuru wao ili wazungu wachache waendelee kutawala. Mwaka wa 1969 wakapitisha sheria iliyogawa ardhi karibu nusu kwa nusu, kati ya wachache hao na mamilioni ya Waafrika. Kilichofuata ni vita, hadi Zimbabwe ilipozaliwa 1980. Hiyo ndiyo "tungekuwa mbali" yako.

Na hapa kwetu kuna watu walioliona hili mapema. Elijah Masinde, mwanasoka aliyegeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaambia wazungu waende kwao. Februari 1948 polisi walifyatulia wafuasi wa dini hiyo risasi pale Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde akapelekwa kizuizini Lamu, na akakaa mbali na nyumbani zaidi ya miaka kumi.

Sasa nikuambie ukweli unaoniuma. Yule jamaa wa boda si mjinga. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na msimu uliopita nilienda kupalilia mahindi kwenye shamba kubwa huko Trans Nzoia. Mwenye shamba ni Mkenya mwenzetu, anaishi Nairobi. Sijawahi kumwona. Jioni tunapanga laini, tunaitwa majina, tunalipwa kidogo, tunarudi. Nilijiuliza nini hasa kilichobadilika tangu babake Kukhu.

Hata Masinde, serikali ya uhuru ilimtia ndani tena, na 1968 ikapiga marufuku dini yake. Na ile mikataba ya miaka 999 mikononi mwa wageni ilikatwa kuwa 99 na Katiba ya 2010. Yaani ilichukua miaka 47 baada ya uhuru!

Kwa hivyo msee wangu, hasira yako ni halali ila umeikosea anwani. Shida yetu ni kwamba mzungu aliondoka na ua wa shamba ukabaki, mlango akapewa mtu mwingine. Ukimtamani aliyejenga ule ua, unamrahisishia kazi anayeulinda leo.

Basi siku nyingine mkiwa steji, badala ya "heri wangebaki", uliza: lile shamba kubwa ni la nani? Alilipata lini, na kwa njia gani? Wanaokuja kuomba kura 2027 watapita hapo hapo steji. Waulize wao kwanza, kabla hujapokea ile mia mbili.