Viatu vya kwenye kartoni si vipya

Kwetu Fizi na Baraka, baba akipata viatu vya sekirite anavifungia kwenye kartoni chini ya kitanda, eti visiishe mbio. Miaka inapita. Siku anavivaa kwenda Misisi, soli inapukutika kama mkate mkavu, na kwenye shimo bado hajafika. Hapo tunasema ni uchawi, ao mchuuzi alituibia.

Uchawi hamuna. Soli nyingi nyepesi, zile za ndani kama sponji, ni za poliuretani. Unyevu wa hewa unaingia humo na kuikatakata polepole, na joto linaharakisha kazi. Sisi tunakaa kando ya Tanganyika: unyevu na joto tunavyo bure! Kiatu cha kuvaliwa kinakunjwa na mguu, kinapumua kidogo. Kile cha ndani ya nailoni kinaoza kimya. (Bote za mpira ni jambo ingine, adui yao mkubwa ni jua.)

Basi tuvivae. Na mbele ya kulipa, tutafute kwenye kiatu mwezi na mwaka kilipotengenezwa. Vya sekirite vya kweli vinaandikwaka. Kiatu kilicholala dukani miaka 6 hakistahili bei ya kipya, hata king'ae namna gani.

Na wakubwa wa mashimo wanaorundika kartoni kwenye depo, wagawe leo. Mtu anashuka kwa kamba. Soli ikiachana naye katikati, hakuna wa kumuuliza alivinunua lini.