Preampli ya lampu: masikio yaamue, siyo mwanga

GOMA – Mjini Goma mwenye bafle kubwa hana siri, mtaa mzima unajua anasikiliza nini. Ndiyo maana ubishi juu ya preampli za lampu hauishi. Mmoja anasema lampu ndiyo sauti yenyewe, nzito na tamu, kama ile redio ya mbao ya babu. Mwingine anajibu kwamba transista ilikwisha kumaliza kazi hiyo, lampu ni kutupa pesa. Mara nyingi wote wawili wamelinganisha vibaya, na kinachoumia ni mfuko wa nyumba.

Na nyumba nyingi sasa zimejaa. Tangu kambi za pembezoni mwa mji kama Bulengo na Lushagala zivunjwe Februari 2025, kuna familia za wakimbizi wa ndani ambazo hazikuweza kurudi vijijini na zikapokelewa na ndugu au marafiki. Chombo kimoja cha sebuleni kinasikilizwa na watu kumi au zaidi. Vijana wanataka muziki, lakini saa ya habari ikifika wote wananyamaza, kwa sababu huenda jina la kijiji chao likatajwa. Katika nyumba ya namna hiyo, swali la kwanza kwa preampli yoyote ni kama maneno ya mtangazaji yanaeleweka mpaka kwa mama aliyekaa mlangoni.

Preampli hupokea sauti dhaifu kutoka redio, simu au santuri, huikuza, kisha huipeleka kwenye ampli inayosukuma bafle. Lampu zinazojulikana zaidi ni ECC83 na ECC82. Zote zina miguu 9 na huingia shimo moja, hivyo watu huchomoa hii na kuchomeka ile ili wasikie tofauti. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kwa hesabu ya kiwandani ECC83 hukuza mara 100, ECC82 mara 17 hadi 20. Ndani ya chombo namba hizo hupungua, lakini ya kwanza kwa kawaida hubaki na nguvu zaidi. Ikichomekwa bila kugusa kitufe cha sauti, muziki unapanda. Na sikio la mtu lina udhaifu wake: sauti iliyozidi kidogo tu, hata kama mwenyewe hajatambua kwamba imezidi, huiita tamu zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Fundi apige sauti moja isiyopanda wala kushuka, apime volti kwenye nyaya za bafle kwa mita yake, na kila preampli iwekwe kwenye kiasi kilekile. Kisha vyombo vifunikwe kitambaa, mtu mwingine abadilishe, msikilizaji ataje kinachopiga. Akipatia mara 5 au 6 kati ya 10, anabahatisha. Akipatia 9, hapo aheshimiwe, anasikia kweli.

Si kwamba lampu haina chake. Inapokuza noti huongeza kidogo noti ileile ya oktavo ya juu, na sikio hulipokea jambo hilo bila kuchukia. Lakini wapenzi wa rumba wanasahau kitu kimoja. “Marie-Louise” ya Wendo Kolosoy ilirekodiwa na kampuni ya Ngoma mwaka 1948, Léopoldville, Kinshasa ya leo. Transista ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 1947 tu, katika maabara ya Bell huko Marekani. Nyimbo za miaka ile zilipita kwenye lampu tangu siku ya kurekodiwa. Utamu umo ndani ya wimbo wenyewe, na transista nzuri inautoa kama ulivyo.

Kuna pia suala la kurani. Inapokatika, watu hugeukia batri na konvatisa. Konvatisa za bei ndogo hutoa umeme usio laini, na preampli nyingi huugeuza umeme huo kuwa mvumo ndani ya bafle. ECC83 ya Ulaya, hata ya bei kali, haiuondoi. Tena lampu hufanya kazi kwa volti nyingi, mara nyingi zaidi ya 200, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Chombo kilichofunguliwa hakifai kuwekwa sebuleni wanakolala watoto wa wageni. Halafu kuna vile vyombo vyenye kitaa cha rangi ya chungwa kilichofichwa chini ya glasi, ili lampu ionekane inawaka sana. Kitaa hicho hakiimbi.

Kwa nyumba inayosikiliza redio na simu, pesa ziende kwanza kwenye antena nzuri na batri, na bafle zitolewe nyuma ya magunia na magodoro. Redio na simu hutoa sauti ambayo ampli nyingi zinaipokea bila msaada; anayetaka lampu kwa raha yake, ECC82 itamtosha. Mwenye santuri ndiye ana sababu ya kutafuta ECC83, kwa kuwa sindano hutoa sauti dhaifu sana na lazima ikuzwe mara nyingi kabla ya kufika kwenye ampli.