Utumbo Umewaka, Lakini Nani Amewasha?

Leo nianze na kosa langu mwenyewe, manake hapa huwa nawasema watu sana.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani Kiwayu. Mtoto wa dada yangu, hajatimiza miaka miwili, akaanza kuharisha na kutapika. Alipelekwa akaonwa, akarudi na kadi, pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Kwenye kadi kuna neno refu: gastroenteritisi. Mimi ndiye msomi wa nyumba, ati. Nilifika mwaka wa pili chuo kikuu kabla niache, kwa hivyo bibi akanipa nisome. Nikaona hapo kati pana mambo ya matumbo, nikatangaza kwa kujiamini: "Ana homa ya matumbo."

Yaani taifodi. Ami akatoa dawa zake za taifodi zilizobaki, tukamvunjia mtoto kidonge. ORS ikabaki kwenye mfuko, tukaiona ni maji ya chumvi tu. Kufika usiku macho yameingia ndani, analia bila machozi. Na kusi inavuma, boti ya kutupeleka Lamu mjini hakuna. Jirani yetu, mama mtu mzima, ndiye aliyeuliza: "Maji ya pakiti mushampa?" Tukaanza kijiko kwa kijiko mpaka alfajiri. Alhamdulillah alipona, lakini mimi ule usiku sijausahau.

Baadaye ndio nikaenda kulisoma hilo neno vizuri. Ile "itisi" ya mwisho ina asili ya Kigiriki. Madaktari wanaitumia kusema sehemu fulani ya mwili imewaka: imevimba, imekuwa nyekundu, ina joto, inauma. "Entero" ni utumbo. "Gastro" ni tumbo lenyewe linalopokea chakula. Ukiwaka utumbo mpana, inaitwa kolaitisi. Basi. Neno linakwambia nini kimewaka. Halikwambii nani amewasha. Inaweza kuwa kirusi kama rota, ambacho Kenya inachanja watoto dhidi yake tangu 2014. Inaweza kuwa bakteria, amiba, au chakula kilichoharibika. Kuna watu hata kinga ya mwili wao wenyewe ndiyo inayochoma utumbo, kama kwenye ugonjwa wa Crohn, na hiyo inakaa miaka.

Sasa angalia Kiswahili kinavyotutega. Meninjaitisi tunaiita homa ya uti wa mgongo. Hepatitisi, homa ya ini. Kwa mtindo huo, enteritisi ingekuwa homa ya matumbo. Lakini kiti hicho taifodi imeshakikalia! Na taifodi ni ugonjwa mmoja, wa bakteria mmoja, wenye homa ya siku nyingi, na kuna wanaofunga choo badala ya kuhara. Haya, ukisema "uvimbe wa matumbo", bibi anasikia saratani.

Kuna watakaosema tuunde neno jipya. Mimi naona neno si shida kubwa. Shida ni kumpa mtu jina peke yake kisha kumwacha aende. Mgonjwa anahitaji sentensi nzima: utumbo wa mtoto umewaka, tunadhani ni kirusi, anapoteza maji, mpe haya maji kila akiharisha, na zinki mpaka ziishe. Ningeambiwa hivyo, au ningeuliza tu, antibiotiki ya ami isingeguswa. Kirusi hakifi kwa antibiotiki, na dawa ya mtu mzima iliyobaki si ya kumpa mtoto kwa kukisia.

Kwa hivyo ukipewa kadi, usiaibike. Uliza: nini kimewaka? Nani amewasha? Nimpe nini, na nikiona nini nirudi mbio?

Hilo swali la pili kwetu visiwani ni zito zaidi. Tunakunywa maji ya mvua ya jabia, na ya visima. Kama aliyewasha yumo kwenye maji, basi nyumba nzima inayanywa. Hatukupata kujua kwa mtoto wetu alikuwa nani. Lakini siku hizi bibi anachemsha maji, na ile ndoo ya kuchotea haiwekwi tena chini mchangani.

Kwenu mnaiitaje hii enteritisi? Niambieni. Na kama umemaliza chuo, tafadhali usome kadi vizuri kuniliko.