Wimbo Usitoke Studio Bila Karatasi

Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na kundi lake walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay, wakarekodi taarabu kwa Kiswahili, na santuri zile zikauzwa pwani yote. Karibu karne nzima imepita. Bado tunawataja watu wa kundi lake: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku aliyekuwa kipofu, Maalim Shaaban. Anayetaka kujua nani alishika udi na nani alishika fidla atapata wa kumwambia.

Sasa chukua wimbo wowote wa Bongo Fleva ulioachiwa Ijumaa iliyopita, ule unaolia kwenye daladala na saluni kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Niambie nani alipiga gitaa lile linaloingia kabla ya kiitikio. Nani aliandika ubeti wa pili? Sauti ya kike inayoitikia kule nyuma ni ya nani? Hujui. Mtangazaji anayeupiga kutwa mara tatu hajui. Na mara nyingi, hili ndilo linalonichoma, hata lebo iliyoutoa haina karatasi yenye majibu.

Muziki wetu wa leo unatengenezwa na watu wengi na kumilikiwa na mtu mmoja, na utaratibu huo tumeubatiza jina la maendeleo. Mimi nauita unyang'anyi. Wimbo usio na karatasi iliyosainiwa na kila aliyeutengeneza, inayosema nani alifanya nini na ana asilimia ngapi, haustahili kuvuka mlango wa studio. Usiachiwe, usipigwe redioni, usipewe tuzo.

Tuangalie unavyozaliwa. Ni chumba kimoja Sinza, Mburahati au Kijitonyama, kuta zimebandikwa sponji, kiyoyozi kimezimwa ili kisiingie kwenye maikrofoni. Prodyuza amefungua FL Studio au Cubase, anatafuta kodi nne kwenye kinanda, anaweka ngoma, anaweka besi. Msanii anafika na melodi mdomoni isiyo na maneno. Rafiki aliyekuja kumsindikiza anatupia mstari mmoja, mstari huo ndio unakuja kuwa kiitikio kinachoimbwa na nchi nzima. Mpiga gitaa anapigiwa simu saa tano usiku, anakuja na bodaboda, anapiga, anapewa nauli, anaondoka. Binti mmoja anaitwa aingize sauti za nyuma. Alfajiri wimbo upo.

Katika chumba hicho zimezaliwa haki mbili, na watu wengi wa muziki wetu hawajawahi kuelezwa hivyo. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile wanayoiita masta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na inampa haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyetunga. Inamtambua pia anayetumbuiza na anayetayarisha rekodi. Kwa hiyo yule rafiki wa kiitikio ni mtunzi. Prodyuza aliyeleta melodi ya kinanda ni mtunzi. Mpiga gitaa na yule binti wana haki za watumbuizaji. Sheria iliwaona wote. Usiku ule hakuna aliyewaandika.

Kinachofuata kinachukua muda mfupi kuliko kupika wali. Kijana wa kompyuta anafungua akaunti ya msambazaji wa mtandaoni, anapakia faili la sauti na picha ya kava. Fomu inamuuliza: mtunzi wa maneno ni nani? Mtunzi wa muziki? Mtayarishaji? Wapigaji? Anajaza jina la msanii kila mahali, au anaruka nafasi zisizo za lazima, kwa sababu wimbo lazima uwe hewani Ijumaa na meneja ameshatangaza Instagram. Anabonyeza. Rekodi inapewa namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12, na kuanzia hapo mashine za Boomplay, Spotify, Apple Music na YouTube zinaamini alichoandika yule kijana. Mashine haziulizi mtaani. Jina ambalo halikuandikwa usiku ule, kwa mashine, ni la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Anayedhani nazungumzia heshima tu na atazame Marekani. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2018 iliunda chombo kinachoitwa MLC cha kukusanya malipo ya utunzi kutoka kwenye majukwaa ya mtandaoni. Februari 2021 majukwaa yalikikabidhi takriban dola milioni 424, fedha zilizokuwa zimerundikana kwa sababu nyimbo zilisikilizwa lakini wenye utunzi hawakuweza kutambuliwa. Milioni 424 za watu wasioandikwa sawasawa! Na fedha za namna hiyo zisipopata mwenyewe kwa muda mrefu, utaratibu unaruhusu zigawiwe kwa wenye haki wanaojulikana, kwa kadiri ya ukubwa wao sokoni. Yaani jasho la asiyejulikana linaishia kwa mkubwa anayejulikana. Nyimbo zetu zinasikilizwa Minneapolis na Columbus na Waswahili waliohamia huko. Msiniambie hakuna senti ya kijana wa Mburahati iliyopotelea kwenye marundo hayo.

Sikiliza sasa sekunde za mwanzo za wimbo wowote unaovuma. Kabla msanii hajafungua mdomo kuna sauti inayotaja jina la prodyuza, wakati mwingine kwa mbwembwe, wakati mwingine kwa mnong'ono. Mashabiki wanaipenda, wanaiigiza. Mimi nikiisikia naumia. Yule mtu analitia jina lake ndani ya sauti kwa sababu anajua halitaandikwa popote pengine. Ile ndiyo risiti yake. Mpiga gitaa hana hata hiyo.

Haikuwa hivi daima. Katika muziki wa dansi, kipande cha kuchezea kikianza, mwimbaji alikuwa akimtaja mpiga solo kwa jina, papo hapo, ndani ya wimbo. Mashabiki wa bendi ya Mlimani Park walimjua Michael Enoch, walijua rithimu ile ni ya Abdallah Gama, na wangebishana baa usiku kucha nani kamzidi nani. Sisemi wazee wale walitajirika. Walirekodi Radio Tanzania nyimbo kwa mamia, na wengi wao walizeeka wakisikia sauti zao hewani bila mrabaha wa maana. Jina peke yake halikuwalisha. Lakini lilibaki, na kwa jina hilo mjukuu anaweza leo kusimama mbele ya ofisi na kudai. Mjukuu wa mpiga gitaa wa Ijumaa iliyopita atasimama na nini?

Nawasikia wanaonijibu. Wa kwanza anasema: nimemlipa prodyuza, tumemalizana. Ndugu yangu, ulilipia kazi ya usiku mmoja. Ulimlipia fundi. Kama alitunga, sehemu yake ya utunzi haikuhamia kwako kwa kumtumia pesa kwenye simu. Haki ya namna hiyo huhamishwa kwa maandishi. Kama mlikubaliana auze kila kitu, sawa, ni hiari yake, basi andikeni hivyo, bei iwepo na jina lake libaki.

Wa pili anasema: sisi ni familia, ukileta karatasi unaleta uchawi. Huyu ndiye hatari kuliko wote, maana anatumia upendo wa watu kuwanyamazisha. Wahenga hawakuwa wanafiki waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Undugu wa studio nimeuona ukivunjika, na haukuvunjwa na karatasi. Ulivunjwa na wimbo kupata pesa ya tangazo huku mwenzao aliyeutunga akisoma habari hizo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Wa tatu ana hoja kidogo. Anasema mtandao wenyewe unalipa makombo, tugawane nini? Ni kweli. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijafikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Lakini wimbo si wa mwezi wa kwanza. Malaika, alioutia kwenye rekodi Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, uliimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M, ukazunguka dunia. Hadi leo watu wanabishana ni wa nani. Adam Salim alidai utunzi ni wake, wengine wakasimama na madai yao, Fadhili naye alisisitiza hadi kifo chake kwamba ni wake. Sitaamua kesi hiyo hapa. Nasema tu kwamba wimbo wa Kiswahili maarufu kuliko karibu zote umeishi miongo sita bila nyaraka ya siku ulipotungwa inayokata mzizi wa fitina. Na sisi, wenye simu zinazoweza kupiga picha ya karatasi na kuituma kwa watu watano kwa sekunde moja, tunaendelea kuzalisha akina Malaika wapya kila wiki.

Kwa upande mwingine, tunajua inakuwaje wenye wimbo wakijulikana bila ubishi. Mwana FA na AY walipokuta nyimbo zao Usije Mjini na Dakika Moja zinatumika kama miito ya simu bila idhini, walikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Mwana FA huyohuyo, Hamisi Mwinjuma, aliteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo mwaka 2023. Hakuna aliyepaswa kuielewa hoja hii kuliko yeye. Namwambia kwa heshima zote: mheshimiwa, ulishinda kwa sababu ulijulikana. Hao wa chumbani hawajulikani.

Na ukitaka kuona wimbo wa Dar es Salaam unaweza kufika wapi, kumbuka Tetema ya Rayvanny na Diamond Platnumz ya mwaka 2019, mdundo wa S2kizzy. Miaka miwili baadaye Maluma wa Kolombia aliufanyia toleo lake, na Rayvanny akasimama naye kwenye jukwaa la tuzo za MTV za Ulaya mjini Budapest. Wimbo ukifika kule, wa kwanza kupiga simu ni mawakili. Wanauliza nani aliandika, nani aliunda mdundo, nani ana asilimia ngapi. Ole wako ikiwa jibu lako ni kwamba mtaulizana nyumbani.

Hata muziki ninaoupenda kuliko yote haujatakata. Singeli ilizaliwa uswahilini na vijana waliochukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuviongezea mwendo kwenye Virtual DJ mpaka miguu ya watu ikashindwa kutulia. Ni ubunifu mkubwa, na sisemi uzuiwe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, dunia ikajua Mburahati iko wapi. Lakini kinanda kile cha taarabu kilipigwa na vidole vya mtu, na fidla ile ilikuwa begani kwa mtu. Anayeporwa leo naye ana wa kumrudishia cha jana.

Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, nanyi nina neno. Novemba 2018 mliusikiliza wimbo uitwao Mwanza wa Rayvanny na Diamond, mkaona haufai, mkaufungia siku chache tu baada ya kutoka. Kwa hiyo uwezo wa kuufikia wimbo haraka mnao, na ubavu wa kumwambia msanii mkubwa hapana mnao pia. Utumieni kwa jambo linalowalisha wasanii. Mlizifufua Tuzo za Muziki Tanzania mwaka 2022, na humo mnampongeza mtayarishaji bora. Wekeni sharti jepesi: wimbo usiingie kwenye kinyang'anyiro bila karatasi ya mgawo yenye saini za wote waliohusika. Mastaa wataandika majina usiku huohuo. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nao wasipokee usajili wa wimbo wenye sauti za watu watano na jina la mtu mmoja bila kuuliza hao wanne wako wapi. Na vituo vya redio vinavyodai kupenda muziki wa nyumbani vimtake meneja alete wimbo pamoja na majina, kisha mtangazaji ayasome hewani. Ni sekunde kumi. Matangazo ya kubeti yanachukua zaidi.

Haya ni ya haraka kuliko tunavyodhani. Sasa zipo programu kama Suno na Udio zinazotunga wimbo mzima kwa kuandikiwa sentensi, na nyimbo zinazopakiwa mtandaoni kila siku zinahesabiwa kwa maelfu mengi. Katika bahari hiyo, mpiga gitaa wa kweli atathibitishaje kwamba yeye ni mtu na alikuwepo?

Wewe uliyeitwa saa tano usiku, usisubiri wizara. Kabla hujachomoa waya wa gitaa, toa karatasi, andika jina la wimbo, tarehe, ulichopiga na sehemu yako, kila aliyemo chumbani asaini, kila mmoja apige picha. Nawe prodyuza, faili la masta lisitoke kwenye kompyuta yako kabla ya hapo. Meneja akisema mtaongea kesho, mwambie wimbo nao utatoka kesho.