Joan Eardley na Bahari Moja

Wengi wetu tunaoandika mashairi ya bahari huiandika bahari isiyo na mahali: mawimbi, povu, jahazi, basi. Ndiyo maana nawasihi washairi wenzangu waitazame kazi ya Joan Eardley, mchoraji wa mandhari ambaye Waskoti humhesabu kuwa wao, ingawa alizaliwa Sussex, kusini mwa Uingereza, mwaka 1921. Mwaka 1940 alihamia Glasgow, akasomea uchoraji huko.

Mjini humo alichora watoto wa mitaa ya maskini, nayo ni kazi njema. Lakini kwangu mimi ukuu wake uko Catterline, kijiji kidogo cha wavuvi katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskoti. Huko alichora ufuo uleule na nyumba zilezile zilizo juu ya genge, tena na tena. Tufani ilipovuma hakujifungia ndani. Alitoka na mbao zake kubwa, akachora papo hapo ufuoni. Katika michoro yake ya mashamba mna majani na mbegu halisi zilizonasa ndani ya rangi. (Hapo sitiari imekoma; kitu chenyewe kimo!)

Wapo watakaosema kurudia ni ufukara wa mawazo. Sikubaliani nao. Wimbi la Januari si la Juni, na aliyekaa mahali pamoja ndiye aijuaye tofauti hiyo. Sisi tuna kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Ni beti ngapi zetu zinazotaja upepo upi unavuma?

Saratani ilimuua mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 42. Majivu yake yalitawanywa katika ufuo wa Catterline.